Likizo na Watoto Unguja: Maswali Ambayo Wazazi Huniuliza Kila Mara

Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Dar es Salaam, mama wa watoto watatu. Kila inapokaribia likizo ya Juni na ya Desemba simu yangu haipumziki: mashemeji, majirani, wazazi wenzangu wa shuleni, wote wanataka kuvuka na watoto. Maswali yao nimeyakusanya hapa. Nimeandika zaidi kwa familia za Bara, ila anayetoka Mombasa, Kigali au Muscat naye atapata lake. Jambo moja mtaliona likijirudia: kabla hujalipia chumba, jua maji yatakuwaje siku hizo.

Twende mwezi gani?

Kama watoto wanasoma, ratiba ya shule imeshakuamulia nusu ya jibu. Juni na Julai ni kipupwe: jua la wastani, usiku wa baridi kidogo, mvua chache. Kasoro yake ni kusi. Upepo huo unavuma kwa nguvu, boti inayumba, na pwani ya mashariki mchanga unaruka machoni. Desemba mpaka Februari ni kaskazi: joto kali, na bei za vyumba hupanda sana kuelekea mwaka mpya. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, sikushauri ukiwa na watoto. Mvua inaweza kuwafungia chumbani siku tatu mfululizo, na hoteli kadhaa za ufukweni hufunga kabisa.

Mimi ningechagua Septemba kwa mtoto ambaye hajaanza shule, na mwisho wa Juni kwa wanaosoma.

Mbona unasisitiza sana habari za maji kupwa na kujaa?

Kwa sababu ndiyo inayoharibu likizo nyingi, na hakuna tangazo la hoteli linaloitaja. Picha zote hupigwa maji yamejaa.

Mara ya kwanza nilipompeleka mwanangu wa pili Jambiani alikuwa na miaka minne. Tangu kwenye boti alikuwa amevaa maboya yake ya mikononi, hataki kuyavua. Tulifika kama saa tano asubuhi. Akakimbia mpaka mwisho wa mchanga mkavu, akasimama, akageuka: "Mama, nani kachukua bahari?" Mbele yake kulikuwa na mchanga mweupe, vidimbwi na vijiti vya mashamba ya mwani, na mstari mwembamba wa povu kule mbali kwenye mwamba. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu.

Sasa hesabu ni hii. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hayo mawili hufika kama mita 4. Siku za bamvua, kwetu Unguja, maji huwa yamepwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hapo mambo hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri, lakini hayaendi mbali.

Wazazi wengi wakisikia hivyo huikimbia bamvua. Mimi naifuata. Asubuhi maji yakiwa yametoka, watoto wanapata uwanja wa kilomita nzima: vidimbwi vya maji ya vuguvugu, kaa, samaki wadogo walioachwa nyuma, kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota) wakiwa na bahati. Saa tano mnarudi, mnakula, mnalala. Saa kumi mnaamka na bahari iko mlangoni, imetulia, jua limeshapungua makali. Kwa mtoto mdogo siwezi kubuni siku nzuri kuliko hiyo.

Onyo moja, nalo ni zito. Maji yakianza kujaa hayaji kwa mbele tu. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, na mnaweza kujikuta mmesimama kwenye kisiwa cha mchanga huku maji ya kiuno yanapita kati yenu na pwani. Ukiona kinamama wa mwani wanabeba magunia yao kurudi, na nyinyi rudini. Usingoje uone mwenyewe.

Na mkipita kwenye mashamba yao, pitieni kando ya kamba. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 na ndicho kilichosomesha watoto wengi wa vijiji hivyo. Waelezeni wanenu kwamba mwani ule ukisindikwa hutoa ute unaotumika kwenye dawa za meno na aiskrimu. Wangu hawakuamini mpaka mama mmoja aliyekuwa akifunga mbegu alipowathibitishia, kisha akawapa kamba nao wajaribu kufunga fundo.

Basi tukae pwani ipi?

Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali hata yakipwa. Unaogelea saa yoyote. Kwa watoto wanaojua kuogelea, au kama mna siku mbili tu, nendeni huko. Pana watu wengi na muziki usiku, kwa hiyo ulizeni chumba kilicho mbali na baa.

Paje, Jambiani na Bwejuu ni za familia inayopenda kutembea na kuokota. Maji ni ya magoti kwa umbali mrefu, mtoto wa miaka mitatu anacheza bila wewe kushika roho. Paje yenyewe, upepo ukivuma, ina watu wanaoteleza majini juu ya ubao wakivutwa na tiara, nao wanakwenda kasi sana. Msiwaachie watoto pale wanapoanzia. Jambiani ni tulivu zaidi. Matemwe ni nzuri na mbali.

Toka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, hadi Paje karibu 50. Kwa gari la kukodi hesabu saa moja na kitu. Daladala zipo na ni rahisi, ila ukiwa na mabegi na mtoto anayetaka kwenda haja kila baada ya nusu saa, lipia gari.

Boti au ndege?

Ndege ni kama dakika 20, na kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda ni zawadi yenyewe. Boti ni karibu saa mbili na inaiacha mifuko yenu na uhai. Familia ya watu watano wengi huchagua boti, na mimi pia.

Panda ya kwanza ya asubuhi, bahari mara nyingi huwa imetulia kuliko ya alasiri. Kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Mbele juu ndiko watoto wanakotaka kukaa na ndiko wanakotapika. Wape kifungua kinywa chepesi: mkate mkavu au ndizi, si chai ya maziwa na chapati za mafuta. Mtoto anayelevywa na bahari mpeleke kwenye hewa aangalie mbali upeoni, wala usimpe simu acheze. Dawa za kuzuia kutapika zipo, muulize mfamasia kipimo cha umri wake na umpe kabla ya kupanda. Mfuko na nguo ya kubadilisha viwe mkononi, visiwe kwenye begi lililokabidhiwa.

Mnaotoka Dodoma au Morogoro kwa SGR, stesheni ya Dar haiko mbali na bandari. Hata hivyo laleni usiku mmoja mjini. Treni na boti siku moja, na watoto, ni safari ya mabishano.

Nyaraka gani zinahitajika?

Mtanzania: kitambulisho cha taifa kwa wazazi, vyeti vya kuzaliwa kwa watoto. Kitambulisho ndicho kinachokupa nauli ya raia, kwa hiyo usikiache nyumbani. Kama mtoto anasafiri na shangazi au bibi, andikeni barua ya wazazi yenye namba za simu.

Wageni kutoka nje ya nchi waje na pasi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, inayokatwa mtandaoni kabla ya kufika. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, wabebe kadi ya chanjo, pamoja na za watoto waliotimiza mwaka mmoja.

Siku ngapi zinatosha?

Usiku tano. Mmoja mjini, minne pwani, hoteli moja tu ya pwani. Kuhama na watoto kunakula siku nzima: kufungasha, kungoja gari, kuingia, kutafuta mdoli wa kulala naye aliyesahaulika chini ya kitanda.

Hela nyingi zinakwenda wapi?

Chakula cha hotelini kwanza. Nauli ya boti na chumba unazijua mapema, lakini watoto watatu wanaoomba juisi na chipsi mara nne kwa siku hamtaziona pesa zikitoka. Tafuteni nyumba yenye jiko, au hoteli ndogo ya kijijini ambayo mwenyewe anapika kwa oda. Asubuhi nenda pwani wavuvi wanaporudi, nunua changu au tasi, mwambie mama wa jirani akupikie kwa nazi. Mtakula wote kwa bei ya sahani moja ya hoteli.

Pili ni safari za boti na magari. Ulizeni bei ya gari zima, si ya kichwa, na mkubaliane kama ni kwenda na kurudi. Bebeni taslimu mnapoondoka mjini. Pesa za simu zinafanya kazi karibu kila mahali, ila mashine za benki vijijini ni chache.

Tuwapeleke wapi?

Kisiwa cha Changuu, hata kama mna nafasi ya safari moja tu. Ni nusu saa kwa boti kutoka mjini. Kobe wakubwa wa huko walitoka Shelisheli mwaka 1919, na wengine wamepita miaka 100. Umri umeandikwa mgongoni kwa rangi, na watoto huanza kushindana kumtafuta mzee kuliko wote. Nunueni mchicha pale pale. Binti yangu mdogo alichuchumaa akamnyooshea jani mmoja wao. Yule kobe akasogea polepole, akanyoosha shingo yenye mikunjo kama goti la bibi, akalichukua kwa taratibu kabisa. Nusu saa nzima hakuna aliyeuliza simu iko wapi. Wakataze tu wasiwapande mgongoni.

Msitu wa Jozani, njiani kwenda Paje, kuna kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu. Wamewazoea watu, wanapita karibu sana, na hula mkaa unaowasaidia na majani wanayokula. Msiwalishe, msiwaguse. Ndani ya hifadhi kuna njia ya mbao juu ya mikoko ambayo watoto huipenda kuliko msitu wenyewe.

Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yanafaa kuanzia miaka mitano. Mtoto anapewa jani anuse akisie: mdalasini, mchaichai, karafuu. Wa Bara atashangaa kuona pilipili manga inatambaa mtini.

Nungwi kuna dimbwi la kasa la Mnarani, lililoanza mwaka 1993. Nendeni kuwaangalia, kuogelea nao waachieni.

Pomboo wa Kizimkazi nina neno. Boti kumi zikiwazunguka na watu kurukia majini, wale wanyama wanakosa pa kupumzikia. Nilimpeleka mwanangu mkubwa mara moja, akaniuliza kwa nini tunawafukuza. Sikurudi tena. Ukimpata nahodha anayekubali kuzima mashine na kukaa mbali, sawa.

Forodhani na chakula kwa ujumla, watoto watakula nini?

Forodhani ni bustani ya mjini kando ya bahari inayouza chakula jioni. Nendeni mapema, kabla ya magharibi. Vijana wa makachu wanachupa kutoka ukutani, mmoja kwa kichwa, mmoja kwa mgongo, mmoja anapinduka mara mbili hewani, na watoto wako watapiga kelele mpaka sauti zikauke. Kisha taa zinawashwa, meza zinapangwa.

Chagueni kinachopikwa mbele yenu, si nyama iliyolala mezani tangu jioni. Mishikaki, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi (bila barafu kwa wadogo), ile "piza" ya Zanzibar inayokunjwa na yai ndani. Urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, waonjeshe, wengine huupenda mara moja kwa sababu ya bhajia na chipsi za muhogo, wengine ukakasi wa embe unawashinda. Pweza mkatie vipande vidogo sana.

Asubuhi mjini tafuteni vitumbua na mkate wa kumimina. Mtoto asiyekula chochote kigeni atakula wali wa nazi, na maji ya madafu atakunywa bila kusukumwa. Sokoni Darajani mfurahieni maneno: nyanya zinaitwa tungule, viazi ni mbatata, na shule ni skuli. Wangu walirudi Dar wakaomba mbatata wiki nzima.

Maji ya bomba ya vijiji vya pwani mara nyingi yana chumvi. Kunyweni ya chupa, hata kupiga mswaki kwa wadogo.

Makumbusho ya utumwa Mkunazini, ni ya watoto?

Chini ya miaka kumi, hapana. Zaidi ya hapo, ndiyo, na nadhani ni wajibu. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa mahali hapo. Nje kuna sanamu za watu waliosimama shimoni na mnyororo shingoni. Zungumzeni nao usiku uliotangulia, kwa maneno yenu, kabla mtu mwingine hajawasimulia. Baada ya hapo msiwakimbize kwenye aiskrimu. Mwanangu alinyamaza hadi Shangani, tukakaa kwenye baraza ya mtu, ndipo akaanza kuuliza: walitoka wapi, mama zao walijua? Kaeni chini mjibu.

Dawa na afya?

Jua kwanza. Wapo wanaosema ngozi yetu haiungui; mabega ya mwanangu yalichubuka Kendwa kwa siku moja. Fulana nyembamba ya mikono mirefu ndani ya maji, kofia, mafuta ya jua, na kuanzia saa tano hadi saa tisa kivulini.

Pili, miguu. Kwenye mawe na majani ya bahari kuna wanyama wadogo wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukivunjika ndani ni kilio cha usiku kucha. Mvalishe yeboyebo zile za plastiki zenye mkanda nyuma. Zinauzwa bei ndogo na hazivuki mguuni. Akichomwa, usichimbe kwa sindano. Wavuvi hupaka utomvu wa papai bichi, mwiba ukalainika. Kidonda kikivimba, hospitali.

Malaria Unguja imeshuka sana kwa miaka mingi, lakini chandarua tumieni, na mtoto akipata homa mkiwa huko au wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe. Bebeni ORS, zinki, dawa ya homa, plasta. Hospitali kubwa ni Mnazi Mmoja mjini. Kaskazini ipo Kivunge, kusini Makunduchi.

Boti ndogo za safari ni salama kwa watoto?

Jibu liko mikononi mwako, hapo ufukweni, kabla ya kupanda. Sisi wa visiwani hatujasahau Septemba 2011 wala Julai 2012, meli za Spice Islander na Skagit zilipozama na watu wetu. Kwa hiyo sioni aibu kumuuliza nahodha maswali.

Muombe akuonyeshe laifu jaketi za watoto. Siku moja tukielekea kwenye fungu la mchanga tulipewa za watu wazima. Nilipomvalisha binti yangu na kuinyanyua kwa mabega, jaketi ilikuja juu, mtoto akabaki chini. Tulishuka wote. Ifanye hiyo hiyo: vuta juu, na kama inapita masikioni haimfai. Hesabu watu na viti. Angalia kama kuna redio au simu, na mashine ya pili. Kama mawimbi yana vichwa vyeupe na nahodha anasema "ni kidogo tu", mwambie kesho.

Mavazi na adabu?

Watoto wadogo hawana shida. Wakubwa, nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mkiingia kijijini au mjini funikeni mabega na magoti, kanga inatosha. Piga hodi, salimu kwanza, uliza bei baadaye. Watoto wakitoa shikamoo kwa wazee wa barazani watarudishiwa na tende.

Ramadhani je?

Inawezekana, na usiku wake mjini ni mzuri mno. Mchana mikahawa mingi ya mjini imefungwa, kwa hiyo wekeni chakula cha watoto chumbani na msile wala kunywa barabarani. Ramadhani huenda nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mwezi Februari.

Na Pemba, au Mafia?

Pemba si ya safari ya kwanza: vilima vya mikarafuu, utulivu mkubwa, mambo machache ya watoto. Mafia nendeni wakishajua kuogelea vizuri. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni.

Mtoto wangu anaogopa bahari. Nifanye nini?

Usimbebe ukamtumbukiza. Mpeleke pwani ya mashariki siku ya bamvua, asubuhi, maji yakiwa yamepwa. Mwachie dimbwi lake moja, la vifundo vya miguu, lenye samaki watatu. Akae humo hata saa nzima. Jioni bahari itakuja yenyewe mpaka pale pale alipokuwa akicheza, naye ataitambua. Yule wangu aliyeuliza nani kachukua bahari alikaa kwenye mchanga mkavu siku mbili. Ya tatu aliingia hadi magotini, akamwaga kikombe cha maji kwenye dimbwi lake, akasema anairudisha.